Jua la Ngaremara halina chujio la kusafishwa

Ukisafiri asubuhi kwa barabara kuu inayotoka Isiolo kuelekea Archer's Post na Moyale, Ngaremara hujitambulisha kwa nguo. Zimetandazwa juu ya ua wa miiba, zimening'inia kwenye kamba kati ya nyumba ya mabati na mgunga, nyingine zimelazwa tu juu ya kichaka: shuka nyekundu, sare za shule, leso, suruali za jinzi zilizogeuzwa mifuko nje. Kufikia saa saba mchana nyingi zishaanuliwa. Zilizosahauliwa hadi jioni zimekakamaa, na rangi yake imepungua kidogo.

Makala hii inahusu mashine ya kukaushia nguo, yaani draya, na msomaji ana haki ya kuuliza mashine hiyo inatafuta nini Ngaremara. Jibu fupi ni kwamba haitafuti kitu. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike. Vijana wa Isiolo wanaifuata mashine hiyo hadi Riyadh na Dubai wanakokwenda kutafuta kazi za nyumbani. Mashine zilizokwisha kutumika Ulaya zinauzwa katika maduka ya Nairobi na Mombasa. Na siku za mvua, watu wengi hujiundia draya kwa jiko la makaa pasipo kujua kwamba ndicho walichokiunda.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo lililopo. Kukausha nguo ni kugeuza maji kuwa mvuke na kuuondoa mvuke huo. Lita moja ya maji hula takribani uniti (kilowati-saa) 0.65 ya nishati ili igeuke mvuke, iwe nishati hiyo imetoka kwa jua au kwa koili ya umeme. Beseni la nguo zenye uzito wa kilo saba zikiwa kavu, zikifuliwa na kukamuliwa kwa mkono, zinaweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake zenyewe. Hizo ni lita saba, yaani uniti nne na nusu za kazi. Jua la adhuhuri karibu na Ikweta humwaga kama wati 1,000 kwa kila mita mraba. Shuka iliyotandazwa ikajaza mita mbili mraba basi inapokea nguvu ya wati 2,000, na hiyo ndiyo nguvu ya koili ya draya ndogo ya nyumbani. Si yote inayoingia kwenye kitambaa, lakini hakuna anayeletewa bili.

Ngaremara ina bahati nyingine isiyopimwa kwa wati. Iko chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, kwenye nyanda zilizo chini ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, upande ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga maji yake Meru. Hewa ya mchana ni kavu, na hewa kavu hunyonya mvuke haraka. Mtu wa Maua au Limuru anajua maana ya jambo hili. Mwezi wa Julai anaweza kuanika soksi Jumatatu na kuikuta Jumatano bado baridi na ina harufu ya kuvunda. Jua linaweza hata kuchungulia huko, ila hewa tayari imeshiba maji.

Kinachokosekana huku ni maji ya kufulia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kuja ipasavyo kaskazini mwa Kenya, na nyumba inayochota maji kwa mitungi ya lita 20 hupanga matumizi kwa utaratibu usiohitaji kuelezwa: kunywa, kupika, mifugo midogo, kisha nguo. Maji ya visima vya nyanda hizi nayo mara nyingi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe hupata ukungu wa kijivu, na zikikauka huwa ngumu. Ukipata maji ya mvua au ya mto, yaweke kwa ajili ya suuza ya mwisho. Suuza hiyo ndiyo inayoamua nguo itakuwaje ikikauka.

Kuna watu wanaodhani kuanika hakuna ufundi. Wakae siku moja na mama fua wa mjini Isiolo. Nguo za rangi hugeuzwa ndani ikawa nje kabla ya kuanikwa, kwa kuwa miale ya jua hula rangi nyekundu na nyeusi kabla ya zote. Shati hubanwa kwa upindo wa chini, maana likibanwa mabegani linabaki na pembe mbili zinazodai pasi. Sweta la sufu halining'inizwi, hulazwa, la sivyo uzito wa maji hulivuta mpaka magotini. Suruali hupewa upepo miguuni. Na ua wa miiba, pamoja na urahisi wake, si rafiki wa nguo: mwiba wa mgunga hutoboa leso mpya pasipo aibu, na mbuzi akifika kabla yako hatakuachia hata kola.

Kisha kuna upepo. Kati ya Juni na Septemba upepo wa nyanda hizi huvuma kwa nguvu mchana, na kisulisuli kikipita uani kinabeba nguo pamoja na vumbi lililokuwa barabarani. Ndiyo sababu wanaoanua mapema wanafanya vizuri kuliko wanaosubiri nguo "zishike jua". Nguo ikikauka imekauka. Saa tatu zaidi kambani haziiongezei kitu isipokuwa vumbi na kuchakaa.

Jambo la hatari katika uanikaji wa jua ni waya. Watu wengi wenye nyumba za mabati hufunga waya wa chuma kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, wakati mwingine nguzo ileile inayoleta stima. Ikiwa ndani ya nyumba kuna waya wa umeme uliochunika ukagusa bati, nyumba nzima hubeba umeme, na waya wa kuanikia huupeleka mpaka kwenye mikono iliyolowa ya anayeanika. Amesimama peku juu ya udongo aliomwagia maji ya kukamua mwenyewe. Hakuna mpangilio mbaya kuliko huo. Tumia kamba ya nailoni au ya katani, ifunge kwenye mti au nguzo za mbao zilizo mbali na nyumba, na usiisogeze karibu na waya wa stima unaoingia kwenye mita. Ukihisi msisimko mdogo ukigusa bati, usiuzoee. Zima umeme kwenye swichi kuu umwite fundi aliye na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.

Nina neno moja la ziada kuhusu jua, na linahusu wasichana. Taulo za hedhi za kitambaa, ambazo mashirika mengi yamezigawa katika shule za maeneo ya wafugaji, zinahitaji jua la moja kwa moja ili zikauke kabisa. Wengi huzificha chini ya godoro au nyuma ya sanduku kwa aibu, zikabaki na unyevu, na kitambaa chenye unyevu kikivaliwa mwilini huleta muwasho na maambukizi. Zikifunikwa kwa leso moja nyepesi juu ya kamba, zitapata joto na hewa na hakuna mpita njia atakayejua ni nini. Sioni kwa nini mafunzo yanayoandamana na taulo hizo hayaanzi hapo.

Mvua inapozidi

Mvua ya masika, na ile ya Oktoba hadi Desemba, huvuruga mpango huu wote. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, baada ya ukame ule mrefu, El Niño ilileta mafuriko hadi Isiolo na kaunti jirani. Wakati kama huo ndipo sare ya shule hupata kiti pembeni mwa jiko. Inatundikwa kwenye kamba ya ndani, jiko la makaa linasogezwa chini yake, mlango unafungwa ili joto lisipotee.

Wazo hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Karibu na mwaka wa 1800 Mfaransa aliyeitwa Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, la kuzungushwa kwa mkono juu ya moto, nguo zikiwa ndani. Mwaka wa 1892 George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, alipewa hataza ya fremu ya kutundikia nguo karibu na jiko. Katika miaka ya 1930 J. Ross Moore wa North Dakota, mahali ambapo nguo zikianikwa nje majira ya baridi huganda barafu, alikuwa akihangaika na pipa linalopashwa joto ili nguo zikaukie ndani ya kibanda. Kampuni ya Hamilton ya Wisconsin iliingiza sokoni draya ya umeme iliyotokana na kazi yake mwaka wa 1938. Kwa ufupi, draya ni mtoto wa theluji. Ilizaliwa na watu waliokosa kile ambacho Ngaremara inacho miezi mingi ya mwaka.

Tofauti ya jiko na mashine ni kwamba mashine ina pipa la chuma, feni ya kutoa mvuke nje na kifaa cha kupima joto kinachokata koili ikizidi. Jiko halina hata kimoja. Kipande cha nailoni kikidondokea makaa kinayeyuka kikiwaka. Na hata pasipo moto, makaa yanayowaka chumbani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua watu waliolala kabla hawajajua kwamba wanaumwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili watatu kwa pamoja ndani ya nyumba yenye jiko ni dalili ya kutoka nje mara moja. Usijiambie ni uchovu.

Njia salama ni ya kuchosha kidogo. Kamua nguo kwa watu wawili, mmoja kila upande. Izungushie ndani ya taulo kavu, uisonge tena, na taulo itanyonya sehemu kubwa ya maji yaliyobaki. Itundike mahali penye upenyo wa hewa, barazani au karibu na dirisha lililo wazi, ikiachana na mwenzake kwa upana wa kiganja. Kama lazima jiko litumike, liwe nje chini ya paa la jikoni, nguo iwe mbali nalo kwa urefu wa mkono au zaidi, na awepo mtu mzima anayeitazama. Chumba wanacholala watoto kisiingizwe jiko kwa sababu yoyote ile, hata ya nepi.

Pasi ya makaa huweza kumalizia unyevu uliobaki, mradi majivu yametolewa na cheche zimepulizwa nje kabla ya kuigusisha na nguo. Ukihamia Pwani au Uganda pasi ina kazi nyingine tena: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje au kulazwa chini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Joto la pasi, hasa kwenye mishono na kiunoni, huyaua mayai hayo.

Mashine yenyewe

Sasa tuseme kuna mtu Ngaremara aliyeamua kununua draya. Ana nyumba ya mawe karibu na barabara, ana mita ya tokeni, na mwanawe aliye ughaibuni anamtumia pesa. Kabla hajalipa, aangalie kwanza kama anachouziwa ni draya kweli. Katika maduka mengi mashine yenye mapipa mawili husifiwa kwamba inafua na kukausha. Pipa la pili huzungusha tu nguo kwa kasi ili kutoa maji, na nguo hutoka zikiwa bado na unyevu. Si hila, na kwa maoni yangu kwa nyumba ya Isiolo hiyo ndiyo mashine ya busara zaidi: inatumia umeme kidogo, halafu jua linamaliza. Mradi tu kifuniko kisifunguliwe mpaka pipa lisimame kabisa. Nguo inayozunguka kwa kasi hiyo huvuta mkono na kuuvunja.

Draya halisi ni mlaji mkubwa. Mzigo mmoja wa kilo saba, hata ukiwa umekamuliwa vizuri na mashine, hula kama uniti nne. Kwa makadirio ya shilingi 30 kwa uniti, hizo ni shilingi 120 kwa kile ambacho kamba ingefanya kabla ya chakula cha mchana. Tena tangu Aprili 2023 bei nafuu ya umeme wa nyumbani ni ya wasiopita uniti 30 kwa mwezi. Draya ikitumika mara mbili tu kwa wiki inakumaliza uniti hizo peke yake kabla hujawasha taa. Zipo draya za kisasa zinazorudisha joto lake ndani badala ya kulitupa, na hizo hutumia karibu nusu ya umeme huo, ila bei yake dukani ni ya juu. Anayefikiria kuiendesha kwa sola aliyofungiwa kwa ajili ya taa na simu asahau: paneli ya wati 50 ingehitaji wenzake 49 kulisha koili ya wati 2,500, na hapo ni saa sita mchana, jua likiwa bure nje ya mlango.

Suala ambalo mafundi wa maeneo kame wanalijua na wauzaji hawalitaji ni ardhi. Mashine yenye pipa la chuma na mota ndani yake lazima iunganishwe na nondo iliyozikwa, ili umeme ukivuja ushuke ardhini badala ya kupitia mwilini. Udongo mkavu wa mchanga haupitishi umeme vizuri. Nondo fupi iliyopigwa pembeni mwa nyumba mwezi wa Mei, udongo ukiwa na maji, inaweza kuwa pambo tu ifikapo Septemba. Fundi mzuri hupiga nondo ndefu zaidi au kadhaa, huzipima wakati wa kiangazi, na huweka kikata umeme kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Plagi ya draya huingia kwenye soketi ya ukutani peke yake. Waya wa kuongezea wenye matundu manne, ule unaochaji simu na kuendesha televisheni, haufai kabisa. Plagi ikiwa moto ukiigusa baada ya mzigo mmoja, acha kuitumia hadi ikaguliwe.

Na kuna zile zilizotumika Uingereza, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Mnamo Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba draya zake zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 zina kasoro: nyuzinyuzi za nguo ziliweza kuangukia koili na kuwaka. Zaidi ya mashine milioni tano zilikuwa zimeuzwa Uingereza pekee, kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline. Agosti 2016 draya ya Indesit iliwasha moto uliopanda ghorofa kwa ghorofa katika jengo la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na familia nyingi zikahamishwa. Mnamo 2019 serikali ya Uingereza iliilazimisha kampuni kuziita zirudishwe mashine zilizobaki majumbani. Mashine haibebi historia yake usoni. Anayenunua ya mtumba asome kibandiko kilicho ndani ya mlango au nyuma, aandike jina na namba ya modeli, na kuitafuta kwenye orodha ya zilizoitwa zirudishwe kabla ya kutoa hata shilingi. Za kutoka Marekani nazo zina tatizo jingine: nyingi zimeundwa kwa mfumo wa umeme usiolingana na wetu, na mjomba anayetuma kontena anapaswa kuambiwa mapema.

Kinachowaka

Moto wa draya huanzia kwenye kitu chepesi mno. Kila nguo inapozunguka huachia nyuzinyuzi laini, zile zinazobaki kwenye chujio zikiwa utando wa kijivu. Nyuzinyuzi hizo zikiwa kavu hushika moto kwa cheche moja. Chujio likijaa hewa haipiti, joto hubaki ndani, na nyuzi zisizopata nafasi hutafuta njia kuelekea koili. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya zilisababisha mioto 2,900 majumbani kila mwaka, vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliokuwa na mioto mingi ulikuwa Januari, baridi kali, watu wamejifungia na mashine haipumziki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni chujio, kila mzigo, kabla au baada, pasipo kuruka. Vuta utando kwa vidole. Mara moja moja lioshe kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, maana baadhi ya sabuni za kulainisha huacha utando usioonekana, na lirudishwe likiwa kavu. Kama draya hutoa mvuke nje kwa bomba, bomba liwe fupi, la chuma, lisilo na mikunjo, na mdomo wake wa nje ufunguke. Katika mazingira yetu mjusi au ndege atauona mdomo huo kuwa nyumba nzuri. Kama ni ile inayokusanya maji kwenye chombo, mwaga maji kila mara na safisha sehemu ya kupozea mvuke kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Vumbi la Ngaremara litakulazimisha uifanye kazi hiyo mara nyingi kuliko mwandishi wa kitabu alivyowaza. Nguo zikianza kuchukua muda mrefu kuliko kawaida kukauka, mashine inakuambia hewa imeziba. Usiiongezee dakika.

Kazi ya pili ni kujua kisichoingia. Jaketi la dereva wa bodaboda lililomwagikiwa petroli haliingii, hata likifuliwa mara moja. Mvuke wa petroli huwaka palipo na koili na mota. Lianikwe nje mpaka harufu iishe kabisa, na likaukie hukohuko. Vivyo hivyo nguo yenye mafuta ya taa au tina. Vitambaa vya jikoni vilivyolowa mafuta ya alizeti au soya vina hatari iliyofichika zaidi. Mafuta hayo yakikutana na hewa hutoa joto polepole, na vikitoka kwenye draya vikiwa moto vikarundikwa kikapuni, joto hukosa pa kutokea. Baada ya saa kadhaa lundo huweza kuwaka lenyewe, mashine ikiwa imezimwa na watu wamelala. Hoteli na mikahawa kadhaa ughaibuni imeungua namna hiyo. Vifue kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, vianike kwenye kamba, na kama vimepita kwenye draya vitandaze vipoe kwanza. Dakika za mwisho ambazo mashine huzunguka bila joto zipo kwa sababu hiyo, kwa hiyo usiikatishe njiani.

Shuka yenye mafuta na ngeu nayo isiingizwe. Itapaka pipa rangi, na nguo sita zitakazofuata zitatoka na madoa mekundu yasiyo yake. Shanga za plastiki hulegea. Kiberiti cha gesi kilichosahauliwa mfukoni hulipuka. Godoro dogo la sponji, viatu vya raba na zulia lenye mgongo wa mpira huhifadhi joto mpaka vikaungua. Na mlango wa mashine ufungwe hata ikiwa tupu, maana mtoto wa miaka mitatu huona pipa lile kuwa mahali pazuri pa kujificha.

Usiiwashe ukaondoka kwenda sokoni, wala usiiwashe ukaenda kulala. Ikitoa moshi, zima kwenye ukuta au swichi kuu, usifungue mlango wake kwa kuwa hewa mpya huupa moto nguvu, toa watu nje na ufunge mlango wa chumba nyuma yako.

Anayekwenda Ghuba

Wanaohitaji maelezo haya kuliko wote ni wanaopanda ndege. Mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda nchi za Ghuba hupitia mafunzo yanayosimamiwa na NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, na mashine za nyumbani zimo. Lakini darasani mashine ni moja na wanafunzi ni wengi, na anayefunguliwa mlango Dammam anakuta nyingine kabisa, yenye vitufe vya Kiarabu. Riyadh kuna ukavu wa kumfanya akumbuke nyumbani. Jeddah, Muscat na Dubai ziko kando ya bahari, na Agosti hewa yake imejaa maji kiasi kwamba kamba haifai. Zaidi ya hayo, Manispaa ya Dubai iliwakumbusha wakazi mwaka wa 2021 wasianike nguo kwenye baraza zinazoonekana barabarani, na faini ipo. Draya huko ni sehemu ya kazi ya kila siku, nguo za watu wanane, mizigo mitatu mfululizo.

Siku ya kwanza, kabla ya kugusa kitufe, muulize mama mwenye nyumba vitu vitatu: chujio liko wapi, swichi ya umeme ya mashine iko wapi, na nani aliisafisha mara ya mwisho. Swali la tatu litamshangaza. Uliza tu, na ukiona chujio limeganda utando wa miezi, lisafishe mbele yake kabla ya mzigo wa kwanza. Ukiambiwa uiwashe usiku ukalale, eleza kwa upole kwamba utaamka alfajiri uiwashe, nguo zitakuwa tayari kabla ya watoto kwenda shule. Mara nyingi watu hukubali jambo ambalo halichelewi. Namba za zimamoto ni 911 kwa Riyadh, Jeddah na Dammam, 998 kwingineko Saudia, 997 katika Emirati na 9999 Oman. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ukutani chumba cha kufulia, kwa sababu katika nyumba nyingine simu ya mfanyakazi hushikwa na mwajiri mchana kutwa.